Mlingoti wa antena nyumbani: Kuusimamisha ni kazi ya siku moja, kuutunza ni kazi ya kila msimu

Ukisafiri kutoka Kapsoit hadi mjini Kericho, au ukipita Litein kuelekea Sotik, inua macho kidogo juu ya majani chai. Katika maboma mengi utaona nguzo ndefu iliyofungwa antena kileleni. Nyingi ni za runinga. Ziliongezeka baada ya mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogi na familia nyingi kulazimika kutafuta mawimbi ya kidijitali kutoka nyuma ya vilima. Nyingine ni za intaneti. Chache ni za redio ya ridhaa, yaani redio ya mawasiliano ambayo raia mwenye leseni huiendesha kutoka nyumbani kwake bila kulipwa.

Nguzo hizi zote zinafanana kwa jambo moja. Siku ya kuzisimamisha, majirani hukusanyika, fundi hushangiliwa na picha hutokea vizuri. Baada ya hapo hakuna anayezitazama tena hadi ziegemee paa, ziangukie nyaya za stima au zipigwe na radi.

Makala haya yanawalenga wakaazi wanaotaka kujenga mlingoti wa antena nyumbani, na wale ambao tayari wanao. Tutatumia zaidi mfano wa redio ya ridhaa kwa sababu ndiyo yenye masharti mengi, lakini mwenye antena ya runinga atapata yanayomhusu karibu katika kila sehemu.

Redio ya ridhaa ni nini?

Ni huduma ya redio inayotambuliwa duniani kote kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio ya kiufundi na kuwasiliana. Mwenye leseni anaweza kuzungumza na mwenzake wa Eldoret, Mombasa, Japani au Brazil bila kupitia mnara wa simu wala intaneti. Haruhusiwi kufanya biashara, kurusha muziki wala kuendesha kituo cha matangazo.

Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, zinataka kila nchi ithibitishe kwamba mwombaji ana ujuzi kabla ya kumruhusu kurusha mawimbi. Akishapewa leseni hupata alama yake ya utambulisho, na alama za wanaredio wa ridhaa wa Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4. Wazee walioisikiliza redio hii enzi za ukoloni watakumbuka kwamba wakati huo alama ya Kenya ilikuwa VQ4. Anayetaka kujifunza anaweza pia kuwatafuta wanachama wa Amateur Radio Society of Kenya, chama cha wanaredio hawa nchini.

Kwa nini serikali ya kaunti ijishughulishe na jambo hili? Chini ya Katiba ya 2010, mipango ya ujenzi, uzimaji moto na udhibiti wa majanga ni miongoni mwa kazi za kaunti. Mlingoti ukianguka, wanaoitwa ni watu wetu. Tena, redio hizi zina faida wakati wa dharura. Nyingi hutumia umeme wa volti 12, kwa hivyo betri ya gari inatosha kuziendesha minara ya simu inapokosa stima. Kimbunga Maria kilipovunja mawasiliano kisiwani Puerto Rico Septemba 2017, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba msaada wa wanaredio wa ridhaa, nao wakaenda na vyombo vyao. Hapa kwetu, ambako maporomoko na barabara zilizokatika si habari ngeni msimu wa mvua, kituo cha aina hii kinaweza kuwafaa majirani wengi. Lakini kitawafaa tu ikiwa antena bado imesimama baada ya dhoruba.

Je, unahitaji mlingoti mrefu?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hulijibu vibaya. Urefu wa mlingoti hutegemea kazi unayotaka antena ifanye.

Anza na antena yenyewe. Ile rahisi kuliko zote ni waya mmoja uliokatwa katikati, ambapo kebo ya redio huungwa, na kuning'inizwa kati ya nguzo mbili. Urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawanya 143 kwa masafa ya megahezi. Kwa masafa ya megahezi 7.1 utahitaji waya wa takriban mita 20. Kwa megahezi 14.2 ni kama mita 10. Kwa megahezi 145 haifiki hata mita moja. Kata waya ukiwa mrefu kidogo kuliko hesabu, kisha upunguze polepole ukipima, kwa sababu paa la mabati na miti iliyo karibu hubadilisha kipimo.

Sasa urefu kutoka ardhini. Mtu anayetaka kuzungumza na Nairobi, Kisumu au Nakuru kutoka bonde la Belgut hahitaji kuvuka vilima kwa kuinua nguzo. Waya wa megahezi 7 ulioning'inizwa mita 6 hadi 10 tu kutoka ardhini hupeleka sehemu kubwa ya mawimbi juu angani, na wakati wa mchana tabaka la juu la anga huyarudisha chini katika eneo la mamia ya kilomita. Kilima hakiyazuii kwa kuwa mawimbi yanashuka kutoka juu. Nguzo mbili za mita 8 zinatosha, na nguzo za mita 8 zinaweza kuteremshwa na kutengenezwa bila mtu kupanda.

Mlingoti mrefu una faida kwa mawimbi yanayosafiri moja kwa moja, kama yale ya runinga na ya redio za mkononi. Hata hapo, jaribu kwanza kugeuza antena ielekee mnara wa matangazo, kuhamishia nguzo upande mwingine wa boma, kubadilisha kebo iliyochakaa au kununua antena bora zaidi. Kila mita unayoiongeza juu inaongeza gharama, mzigo wa upepo na hatari. Ongeza mita baada ya njia nyingine kushindwa.

Kibali kwanza, saruji baadaye

Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano inakuruhusu kurusha mawimbi. Haikupi ruhusa ya kujenga. Hivi ni vitu viwili tofauti na wakaazi huvichanganya.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mtu apate idhini ya kaunti kabla ya kuanza ujenzi. Mlingoti wenye msingi wa zege si sawa na kamba ya kuanikia nguo. Kabla ya kuchimba shimo, fika kwa afisa wa mipango katika kaunti ndogo yako ukiwa na mchoro mfupi unaoonyesha mpaka wa shamba, nyumba, barabara, nyaya za umeme, mahali mlingoti utakaposimama, urefu wake na sehemu zitakapofungwa waya za kuushikilia. Mchoro wa mkono unatosha kuanzisha mazungumzo, naye afisa atakueleza kama mlingoti wako unahitaji maombi rasmi na michoro ya mhandisi. Ada, pale inapohitajika, hufuata Sheria ya Fedha ya Kaunti ya mwaka huo. Lipa kwa njia rasmi na udai risiti.

Mambo mengine ya kuangalia:

- Ukiwa karibu na uwanja mdogo wa ndege wa Kerenga, au ukipanga mlingoti mrefu, ulizia idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA. Ndege ndogo hushuka chini sana zikikaribia kutua.
- Ukiishi katika nyumba za wafanyakazi kwenye mashamba ya majani chai, nyumba na ardhi ni za kampuni. Pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa meneja wa shamba. Ruhusa ya mdomo ya msimamizi wa zamani haitakusaidia akihamishwa.
- Ukiwa mpangaji mjini, mwenye nyumba ndiye mwenye paa.
- Usijenge kwenye hifadhi ya barabara, hata kama ua wako umeingia humo kwa miaka mingi.

Zungumza pia na jirani. Mlingoti unaweza kusimama ndani ya shamba lako na bado ukiangukia kwake.

Mahali: fikiria utakapoanguka

Kabla ya kuuliza mlingoti utasimama wapi, uliza utaangukia wapi. Chukua kamba yenye urefu wa mlingoti pamoja na antena, ongeza mita 3, kisha ishike ncha moja pale unapotaka kuchimba shimo na uzunguke nayo. Ndani ya duara hilo pasiwe na waya wowote wa umeme. Hakuna mjadala kwa hili. Hata laini ndogo inayoingia nyumbani yenye volti 240 inaua. Zile zinazopita juu ya mashamba yetu kwenda kwenye transfoma hubeba volti 11,000 au 33,000, na kwa volti hizo umeme unaweza kuruka na kufikia bomba la chuma hata kabla halijagusa waya.

Kama duara haliwezekani upande huo wa boma, hama. Kama haliwezekani popote, punguza urefu. Usifunge chochote kwenye nguzo ya Kenya Power, hata kwa siku moja.

Angalia pia miti. Mkaratusi uliopandwa leo karibu na mlingoti utaupita kwa urefu katika miaka michache, na tawi lake likivunjika hukata waya. Mti unaoyumba haufai kufungwa waya za kushikilia mlingoti, kwa kuwa upepo ukiutikisa nao huuvuta mlingoti. Lakini antena ya waya mwepesi inaweza kufungwa mtini ikiwa upande mmoja kamba imepitishwa kwenye kapi na kuning'inizwa jiwe, ili mti uyumbe bila kukata waya.

Msingi, nguzo na waya za kushikilia

Eneo letu lina mambo mawili yanayokula mlingoti kutoka chini. La kwanza ni mvua. Sehemu za majani chai hupata mvua karibu mwaka mzima, na ardhi haikauki vizuri. La pili ni udongo wenyewe. Majani chai hupenda udongo wenye asidi, na asidi hiyo hiyo huharakisha kutu kwenye chuma kilichofukiwa. Bomba lililozikwa moja kwa moja ardhini linaweza kuonekana zima kabisa juu, huku chini ya udongo limebaki ganda.

Kwa hivyo usizike chuma ardhini. Jenga msingi wa zege unaotokeza juu ya udongo kama sentimita 15, uusawazishe kwa mteremko ili maji yatoke, kisha ufunge kitako cha bomba juu yake kwa boliti. Kitako chenye bawaba ni bora zaidi kwa sababu mlingoti unaweza kulazwa chini kila unapohitaji ukarabati. Funika ncha ya juu ya bomba ili mvua isiingie, na uache tundu dogo chini maji yatoke.

Nguzo ya mbao ni nafuu na haina shida ya kutu, lakini mkaratusi usiotiwa dawa huoza pale unapokutana na udongo, na mchwa humalizia kazi. Nunua nguzo iliyotiwa dawa. Mwanzi ni mwepesi na unafaa kwa antena ndogo ya muda, ila hupasuka jua na mvua vikipokezana. Usiutegemee zaidi ya msimu mmoja au miwili.

Waya za kushikilia ndizo zinazobeba mlingoti wakati wa upepo. Kumbuka kwamba kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Mlingoti uliotulia katika upepo wa kawaida haujathibitisha lolote kuhusu siku ya dhoruba. Weka waya tatu kwa kila kiwango, zikigawanya duara sawasawa. Kwa waya uliofungwa mita 9 juu, nanga yake iwe mita 6 hadi 7 kutoka kitako. Nanga iwe kipande cha zege kilichozikwa vizuri, si kigingi cha ua wala shina la majani chai. Tumia waya wa chuma uliosokotwa na kupakwa zinki, na vikaza-waya vya skrubu ili uweze kurekebisha baadaye. Kamba ya nailoni ya dukani huliwa na jua.

Kisha fikiria wanaopita. Mchumaji majani chai anayerudi jioni na kikapu mgongoni haoni waya mwembamba. Wala mwendesha bodaboda anayekata kona ya boma. Ng'ombe naye hupenda kujikuna kwenye kitu kilichokazwa. Vika kila waya bomba la plastiki la rangi kali kuanzia ardhini hadi juu ya kichwa cha mtu mzima, na uzungushie nanga ua mdogo.

Siku ya kuinua

Chagua asubuhi. Hapa kwetu hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miinuko kadiri jua linavyochoma, ikakutana na upepo wa mashariki, na kufikia alasiri wingu limeshasimama. Kazi isiyomalizika kufikia saa sita mchana ihairishwe hadi kesho.

Unganisha kila kitu mlingoti ukiwa umelala: antena, kebo, waya zote. Pima redio au runinga kama inafanya kazi kabla ya kuinua. Wawepo watu wasiopungua wanne, na mmoja tu atoe amri. Watoto na watazamaji wakae nje ya lile duara. Anayepanda kwa lazima avae kofia ngumu na mkanda wa usalama uliofungwa muda wote, na asipande mlingoti ambao waya zake hazijakazwa. Hakikisha umesimama wima kwa timazi, si kwa jicho.

Mlingoti ukiponyoka na kuelekea nyaya za umeme, uachilieni na mkimbie. Bomba linaweza kununuliwa tena. Ukishagusa nyaya, hakuna wa kuusogelea wala kumvuta kwa mikono aliyenaswa, kwa maana anayemshika hunaswa pia. Kaeni angalau mita 10, zuieni watu, na mpige simu Kenya Power kwa nambari 97771 pamoja na nambari ya dharura 999 au 112. Msimguse aliyenaswa hadi mafundi wathibitishe kwamba umeme umekatwa.

Radi

Wakipsigis huiita ilat, na hakuna mzee atakayekuambia ni kitu cha kufanyiwa mzaha. Kericho inajulikana katika vitabu vya hali ya hewa kwa dhoruba na mvua ya mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilikuwa zikirushwa juu ya mashamba ya majani chai hapa kutia kemikali mawinguni, ili kupunguza mawe yaliyoharibu mazao.

Mlingoti hauiti radi kutoka mbali, lakini kitu kirefu kilicho peke yake juu ya kilima kina nafasi kubwa ya kupigwa kuliko kifupi kilicho bondeni. Radi hubeba maelfu ya ampea na hupasha hewa joto la takriban nyuzi 30,000. Hakuna kifaa cha dukani kitakachoizuia. Tunachoweza kufanya ni kuipa njia fupi na nyoofu ya kufika ardhini nje ya nyumba.

Mpe kazi hii fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwulize mambo manne. Je, kitako cha mlingoti kimeunganishwa kwa waya mnene hadi kwenye fimbo za shaba ardhini? Je, waya huo umenyooka bila kona kali? Je, kebo ya antena ina kinga ya radi mahali inapoingia nyumbani? Na lililo muhimu kuliko yote: je, fimbo za mlingoti zimeunganishwa na waya wa ardhini wa nyumba, ule mafundi wanaouita athi? Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga upande mmoja, umeme hutafuta njia ya kwenda upande wa pili kupitia redio, runinga au mtu aliyeishika.

Fimbo hizo za shaba na waya wake visigusane na mabati ya paa. Maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba hula zinki ya mabati na kuacha matundu.

Juu ya hayo yote, chomoa. Chomoa kebo ya antena na waya wa stima kabla dhoruba haijafika. Ukiona mwanga wa radi, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na tayari unaweza kupigwa. Wakati huo usiguse kebo tena, hata kuichomoa. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ukisafiri au ukienda kazini, acha vyombo vikiwa vimechomolewa.

Utunzaji: kalenda ya mwenye mlingoti

Hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Mlingoti mzuri uliosahaulika ni hatari kuliko mlingoti wa kawaida unaokaguliwa. Jiwekee ratiba hii:

- Februari, kabla ya mvua ya masika. Kagua kila kitu. Kaza vikaza-waya, tia boliti grisi, kwangua kutu na upake rangi ya kuzuia kutu. Kwa nguzo ya mbao, dunga bisibisi pale inapokutana na udongo. Ikizama kwa urahisi, nguzo imeoza na haifai kupandwa wala kuegemezwa ngazi.
- Baada ya kila dhoruba au mvua ya mawe. Zunguka ukitazama kutoka chini. Mlingoti bado uko wima? Kuna waya uliolegea? Vijiti vya antena vimepinda? Zege la nanga limeinuka au udongo kuzunguka umemomonyoka?
- Septemba. Kagua kebo na viungo vyake. Maji yakiingia kwenye kiungo hutembea ndani ya kebo hadi kwenye chombo. Funga viungo kwa tepu isiyopitisha maji kuanzia chini kwenda juu, ili mizunguko ipandane kama mabati ya paa. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kidogo kama kitanzi, maji yadondokee nje.
- Kila mwaka. Mwite fundi apime uwezo wa fimbo za ardhini na aangalie viungio vyake. Kiungio kilichoota kutu hakipitishi radi.

Andika tarehe na ulichofanya katika daftari. Siku ukiuza shamba au ukimwachia kijana boma, daftari hilo litamwambia asichoweza kukiona kwa macho.

Mlingoti usiotumika ushushwe. Antena nyingi za zamani bado zimesimama juu ya paa bila kazi yoyote, waya zikiwa zimelika. Kuzishusha kwa utaratibu, asubuhi tulivu na watu wanne, ni rahisi kuliko kungoja upepo uzishushe.

Maswali tunayoulizwa

*Mawimbi ya redio ya jirani yananidhuru?* Mawimbi haya si kama eksirei. Yakizidi hupasha mwili joto, na mtu akigusa waya wa antena wakati mwenyewe anazungumza anaweza kuungua. Ndiyo sababu antena huwekwa juu, mbali na mikono ya watoto. Mwenye leseni anapaswa kujua mipaka ya nguvu anayotumia.

*Redio yake inaharibu picha ya runinga yangu.* Mwambie kwanza, mkiwa na saa na tarehe. Mara nyingi tatizo ni kebo au kiungo kilicholegea kwa mmoja wenu, na linatatulika. Likishindikana, Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamishi.

*Mimi nina antena ya runinga tu. Nahitaji leseni ya redio ya ridhaa?* Hapana, kwa kuwa hurushi mawimbi. Lakini nyaya za umeme, upepo na radi havibagui antena.

*Tairi kuukuu juu ya paa huzuia radi?* Hapana. Huzuia mabati yasipeperuke, basi.

Kabla hujaanza

Ukikumbuka mambo matano tu kutoka makala haya, yawe haya: pata leseni na kibali, jenga mfupi kadiri kazi inavyoruhusu, pima duara la kuanguka na uepuke nyaya za umeme, mwite fundi mwenye leseni aunganishe waya za ardhini, na weka tarehe ya ukaguzi wa kwanza siku ile ile unayosimamisha mlingoti.

Kwa ushauri kuhusu kibali, tembelea ofisi ya msimamizi wa wadi yako au ofisi ya mipango katika kaunti ndogo ya Ainamoi, Belgut, Bureti, Kipkelion Mashariki, Kipkelion Magharibi au Sigowet/Soin. Ndugu zetu wa Konoin, Sotik na kwingineko Bomet waanzie katika ofisi za kaunti yao, kwa kuwa sheria ya mipango ni ile ile ya kitaifa. Ukiona mlingoti ulioegemea nyaya za umeme popote pale, usingoje mwenyewe arudi. Piga simu.